Kila mtu ananitajia bei yake: dada wa kazi nimlipe ngapi?

Shikamoo mama,

Nina miaka 31, naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wawili. Wa kwanza ana miaka mitano, yuko chekechea. Wa pili ana miezi miwili. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 inaisha wiki tatu zijazo na mpaka sasa sina mtu wa kumwachia watoto.

Nafanya kazi mjini maeneo ya Posta, kwenye kampuni ya bima. Natakiwa kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikipitiliza hapo foleni inanimeza. Kurudi ni saa moja na nusu usiku. Jumamosi narudi saa nane mchana. Mume wangu ana kibanda chake cha kuchomelea mageti hapa hapa mtaani, anafungua saa mbili asubuhi. Kipato chake hakitabiriki, kuna mwezi mzuri na kuna mwezi tunashindia mshahara wangu, ambao nikishakatwa vyote napokea 720,000. Kodi ya nyumba ni 200,000.

Kinachonichanganya ni bei. Mama mkwe yuko Singida, ameshaniandalia binti wa miaka 15 aliyemaliza la saba. Anasema nimpe 50,000, na kati ya hizo 30,000 nitume kwa wazazi wake, "kwani si anakula na kulala bure?" Jirani yangu anamlipa wa kwake 70,000 na ameshanionya kwamba nikitoa zaidi nitawaharibia wadada wao. Mwenzangu wa kazini anayeishi Mbezi Beach analipa 200,000, na kufua kwake kuna mtu mwingine. Halafu kuna mama mmoja wa Kitunda, mtu mzima, ameshalea watoto wa watu wengi. Yeye anataka 180,000 ya kuja na kuondoka, pamoja na nauli yake ya 2,400 kwa siku, na hawezi kufika kabla ya saa moja asubuhi, kwa hiyo nilimwacha.

Mimi nilikuwa nimefikiria 100,000, dada alale hapa hapa, apike, afue, afanye usafi na aangalie watoto. Mume wangu anasema mambo ya dada ni ya wanawake, niamue mwenyewe, ila isizidi hapo kwa sababu inatoka kwenye mshahara wangu. Nikitoa hela ya dada, nauli na chakula cha mchana, sioni hata ninachofanyia kazi. Nilipe ngapi ambayo ni ya haki, na asinikimbie baada ya miezi miwili?

Mama Wawili, Kinyerezi

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto.

Nianze na jibu, maana umeshazungushwa vya kutosha. Kwa kazi uliyoiandika hapo, laki moja haitoshi. Hata ile laki mbili ya mwenzako wa Mbezi Beach isingetosha, kwa sababu yule analipia kulea, kufua kuna mwingine. Wewe umeweka kupika, kufua, usafi na watoto wawili, mmoja wao bado hata kugeuka kitandani hajaweza, halafu unatafuta bei moja ya vyote. Ndiyo maana kila unayemuuliza anakutajia namba tofauti: kila mmoja anataja bei ya kazi ya nyumbani kwake.

Hebu tuiangalie siku yenyewe ya kwako. Saa kumi na moja na nusu umefunga geti. Mchanga ameshanyonya, labda atalala, labda hatalala. Mkubwa anatakiwa kuamshwa, kuogeshwa, kunyweshwa uji, kuvalishwa soksi ambazo jana zilikuwa mbili na leo inaonekana moja, na gari la shule halingoji mtu. Dada anatoka getini kamshika mmoja mkono, mwingine yuko mgongoni. Akirudi ndani anakuta vyombo vya jana, beseni la nguo za mchanga ambazo haziwezi kusubiri wikiendi, chupa za kuchemsha, na maziwa uliyokamua ya kutoa kwenye friji na kupasha ndani ya maji ya moto. Saa nne mtoto analia na maharage yanaungulia. Mchana mkubwa amerudi ana njaa. Wewe unaingia saa moja na nusu usiku na bado unamkuta jikoni.

Hizo ni saa 14. Kwa siku tano ni 70, weka na zile nane na nusu za Jumamosi, unapata saa 78 na nusu kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hiyo hiyo inayokulinda wewe huko Posta, inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Dada wako angezimaliza hizo 50 kabla wiki ya pili haijaisha. Na sijauliza usiku mchanga analala na nani. Kama analala na dada, hiyo ni zamu nyingine, tuanze kuhesabu upya.

Wadada wengi wanaosemwa "wametoroka" baada ya miezi miwili wamechoka tu. Elfu kumi aliyoongezewa na jirani ni kisingizio cha kufungia begi.

Kwa hiyo kabla ya kupanga bei, punguza saa. Una sehemu za kupunguzia ambazo kwenye barua yako umezipita kama hazipo.

Ya kwanza iko kazini kwako. Sheria hiyo hiyo inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwa ajili ya mtoto wake. Waajiri wengi hawalitaji hili mpaka uulize. Andika barua kwa watu wa utumishi wiki hii, ukiwa bado likizo, uombe saa hizo uzichukue mwisho wa siku, kwa sababu toka Posta hadi Kinyerezi kwenda kunyonyesha mchana na kurudi haiwezekani hata ungekuwa na bodaboda yako. Ukitoka saa tisa, foleni ya jioni haijakolea, unaweza kuwa nyumbani saa kumi na moja na nusu. Saa 10 za wiki zimeondoka hapo.

Ya pili ni baba watoto. Kibanda kiko mtaani, kinafunguliwa saa mbili. Toka saa kumi na moja na nusu mpaka saa mbili kuna mtu mzima ndani ya nyumba, mwenye mikono miwili inayoinua mageti ya chuma, na bado tunatafuta binti wa kumvalisha mtoto wake soksi? Asubuhi ni za kwake. Ndiyo saa 12 na nusu nyingine. Jumamosi naye akae nao mpaka urudi saa nane, mageti yatachomelewa mchana. Nyingine nane na nusu.

Zimebaki 47 na nusu. Ulikuwa unamtafuta mtu wa kukaa kwako kutwa na usiku kucha. Sasa unamhitaji mtu wa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa, tena saa mbili na nusu tu juu ya zile 45. Unaona? Yule mama wa Kitunda uliyemwacha kwa sababu hawezi kufika kabla ya saa moja, sasa anakufaa.

Tupige na hesabu yake. 180,000 mshahara. Nauli 2,400 mara siku 22, ni 52,800. Ipo na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii: michango ni asilimia 20 ya mshahara, mnagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo upande wako ni 18,000. Jumla 250,800 kwa mwezi. Najua umeshtuka. Lakini angalia unachonunua: mtu mzima, aliyekwisha kuona homa ya mtoto na haikumtoa akili, anayejua mtoto akipaliwa anamshikaje. Kwa mtoto wa miezi miwili mimi hapo nalipa na sijutii. Ila kubaliana naye wazi kwamba 180,000 ni ya watoto: kuwalisha, kuwaogesha, nguo zao, chupa zao na chakula chao cha mchana. Nguo zenu wakubwa, kudeki nyumba nzima na kupika cha jioni havimo. Za kufua mtafute mama wa mtaani anayefua kwa beseni, mara moja kwa wiki, au mfue wenyewe Jumapili. Ukitaka avifanye na hivyo, mwongezee, msielewane juu juu.

Kama nauli inakuuma, na mimi ingeniuma, kwa sababu ni hela unayotoa wewe na yeye haili, tafuta mtu kama yeye hapo hapo Kinyerezi wa kuja kwa miguu. Muulize mama lishe wa karibu na kibanda cha mumeo, uliza kwa mjumbe, uliza kanisani au msikitini. Mwanamke wa mtaani kwako watu wanamjua, na akiumwa unajua pa kumfuata. Huyo mpe hata 190,000, bado umeokoa zaidi ya 40,000.

Sasa tuje kwenye hili la "inatoka kwenye mshahara wangu". Hapana mwanangu. Watoto mmezaa wawili. Hesabu yako inakuonyesha hufanyi kazi ya maana kwa sababu umebeba gharama nzima peke yako na kuitoa kwenye 720,000. Iweke kwenye kapu la nyumba, iwe juu kabisa pamoja na kodi. Mumeo akichangia 100,000, mwezi mbaya 60,000 na mwezi mzuri afidie, wewe unabaki kulipa kama laki na nusu. Mwonyeshe karatasi yenye hizi namba, usianze kwa kulalamika. Mafundi wanaelewa makadirio. Na mkumbushe kwamba asubuhi zake na Jumamosi zake ndizo zilizoifanya bei ishuke, maana wa kulala ndani kwa saa zile 78, ukimlipa sawasawa, angewagharimu zaidi.

Inawezekana yote haya yakagoma. Ofisi ikakuzungusha, mume akasusa, ukabaki huna jinsi ila dada wa kulala. Basi usishuke chini ya 150,000 mkononi mwake, ingawa kwa saa zile hata hiyo haitoshi, awe amevuka miaka 18, kazi yake iishe ukifika, Jumapili iwe yake kweli (siyo Jumapili ya kufua mazulia), na usiku mchanga alale na wewe.

Hapo mama mkwe atasema anakula na kulala bure. Mweleze hivi. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilitaja kima cha mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri kuwa 60,000 kwa mwezi, na asiyelala kwa mwajiri 120,000. Wa nyumbani kwa balozi aliwekewa 250,000, lakini sisi si mabalozi. Tazama hiyo tofauti: wa kulala ndani aliwekewa nusu ya mwenzake. Ugali na kitanda vimeshahesabiwa humo, kuvikata tena ni kumkata mara mbili. Ile 50,000 ya mama mkwe iko chini hata ya kima hicho cha 2023, na viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, kwa hiyo pita ofisi ya kazi uione amri mpya kabla hujaandikishana na mtu yeyote. Ikumbuke pia kwamba hicho ni kima cha chini. Hakuna aliyekikadiria akifikiria mtoto wa miezi miwili na foleni ya Dar es Salaam.

Kuhusu binti wa miaka 15, hapa sitaki mjadala. Ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kuanzia miaka 14 kazi nyepesi tu, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kwako kazi ingeanza kabla ya jua kutoka. Sheria hata iwe kando, umwachie mchanga mtoto mwenzake, hana simu, hajui hospitali iko upande gani, mji hajauzoea, na wewe uko Posta? Mama mkwe usimwambie kwamba amekosea. Mwambie, "Mama nashukuru sana, ila daktari wa kliniki kasisitiza mchanga alelewe na mtu mzima." Ukienda kliniki muulize nesi, atakuambia hivyo hivyo, kwa hiyo si uongo, ni kutangulia tu. Na kama una moyo wa kumsaidia yule binti, njia iko kwenye sare na madaftari ya sekondari.

Halafu hii tabia ya kutuma mshahara kwa wazazi, au kwa shangazi aliyemleta, au "nakutunzia nitakupa ukiondoka". Hata kwa mtu mzima usiifanye. Nimeona kesi nyingi zinazoanzia hapo: mwaka umepita, mwajiri anadai alishatuma, shangazi anadai hakupokea, dada anaondoka na kanga mbili. Hela iingie kwenye laini ya simu ya mwenyewe. Wengine hawana kitambulisho cha taifa cha NIDA, wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na huyo mwenye jina anaweza kujifanya ndiye mwenye hela. Kama ni hivyo, mlipe taslimu, muwe na daftari, aandike tarehe na kiasi kwa mkono wake na kusaini. Mshahara wako ukiingia, wake utoke kesho yake. Asikuombe.

Andikianeni ukurasa mmoja. Weka tarehe ya kuanza, saa za kazi, kazi zilizomo na zisizokuwamo, mshahara, siku ya kulipa, na kwamba baada ya mwaka ana likizo ya siku 28 yenye malipo. Mkiachana baada ya mwezi wa kwanza wa kazi, notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kama umemtoa mkoani, nauli ya kumrudisha ni yako. Andika pia mtaangalia upya mshahara lini. Mimi ningeweka pale mtoto atakapoanza kutambaa, kwa sababu kuanzia siku hiyo kazi inaongezeka: huwezi tena kumlaza mahali ukamkuta hapo hapo. Elfu kumi na tano au ishirini wakati huo inamwambia kwamba umeona. Sahani ikivunjika imevunjika, usiikate. Sabuni, pedi, dawa ya kichwa ni vya nyumba, usiviandike kwenye daftari.

Muda unao, lakini mdogo. Wiki hii maliza ya utumishi na ya mumeo. Wiki ijayo huyo mama aanze, ukiwa bado nyumbani, wiki mbili nzima, umlipe kama kawaida. Wiki ya kwanza kaa naye, aone maziwa yanavyopashwa, ajue kilio cha njaa na kilio cha usingizi cha mtoto wako. Wiki ya pili jifanye umetoka. Nenda hata Banana ukazunguke sokoni, rudi bila kupiga simu. Angalia mtoto yuko wapi, televisheni iko juu kiasi gani, chupa imekaaje. Usipopapenda utakuwa bado na nafasi ya kutafuta mwingine, na uone kama kuna kituo cha kulelea watoto mchana cha karibu kinachopokea wachanga. Vingi vinataka mtoto awe ameanza kutembea, lakini kuuliza si hasara.

Jirani naye umwache na bei yake. Akikuuliza unalipa ngapi, mwambie mlielewana.